Kiboko wa Maisaka Alivyokohoa

Nimekabidhi spana. Hiyo ndiyo sentensi niliyopanga kuanza nayo, na baada ya kuiandika nimejikuta nacheka peke yangu mezani mpaka mume wangu ameuliza kutoka sebuleni, "Mama Safari, kuna nini huko?" Nimeshindwa kumweleza. Basi nawaeleza ninyi, vijana wangu wa idara ya maji, mlioniaga kwa keki yenye umbo la tenki. Keki yenyewe ilipasuka ubavuni kabla haijakatwa, kwa hiyo ilifanana na matenki yetu ya kweli.

Mliniomba niandike historia. Historia sina. Wala sitawaandikia nilivyopanda vyeo, maana kila nilipopanda cheo nilishuka kwenye mtaro uleule. Nitawaandikia mambo niliyoyaona kwa macho yangu tangu nilipoanza kazi mpaka nilipomaliza, na nitakaa zaidi kwenye ile miaka ya mwisho, kwa sababu ndiyo miaka niliyocheka kuliko yote.

Siku ya kwanza nilivaa sketi iliyopigwa pasi na viatu vyeupe. Nilikuwa nimetoka chuoni na cheti cha ufundi bomba, nikadhani nitaonyeshwa meza. Nikapelekwa nyuma ya soko, kulikokuwa na shimo limejaa tope, na ndani ya tope alisimama mzee mmoja mwembamba mwenye kofia ya kufuma. Huyo alikuwa Mzee Shabani, fundi mkuu, mtu wa Kondoa aliyehamia Babati akiwa kijana.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye fundi mpya?"

"Ndiyo, mzee."

Akanitazama viatu, akatazama tope, akatazama tena viatu. Alininyooshea mkono, nikaushika, nikashuka. Viatu vile sikuviona tena. Naamini mpaka leo viko chini ya lami ya sokoni, na siku mkichimba pale mkavikuta, msivifukie bila kunijulisha.

Mzee Shabani alinifundisha mengi, lakini mawili ndiyo niliyoishi nayo. La kwanza ni kusikiliza. Alikuwa na kipande cha nondo alichokiweka juu ya bomba huku ncha nyingine ameigusisha kwenye mfupa nyuma ya sikio, na akafumba macho. Maji yanayopita vizuri yananguruma kwa mbali, alisema, na maji yanayovuja yanazomea. Nilisikiliza kwa wiki nyingi bila kusikia kitu zaidi ya tumbo langu. Halafu siku moja nikasikia ule mzomeo, nikaruka, nikamkumbatia Mzee Shabani katikati ya barabara, naye akajitoa mikononi mwangu taratibu huku akiwaambia wapita njia, "Amesikia. Jamani, amesikia."

La pili ni kufungua koki polepole. "Fungua kama unamfunulia mtoto shuka na hutaki aamke," alikuwa akisema. Ukifungua kwa pupa, maji yanakuja na hasira, yanasukuma hewa mbele yake, na kitu kitapasuka. Hili nawaomba mlishike hata kama mtasahau jina langu.

Kuhusu kesi ngumu, nitataja moja tu. Kuna kipande cha bomba kilichopita karibu na ziwa, kwenye majani, na siku moja kilipasuka. Tulifika na Mzee Shabani jua likiwa bado juu kidogo, tukachimba, tukakata, na tulipokuwa tunaunga nikasikia mtu anahema nyuma yangu. Nikamwambia Mzee Shabani apumzike kidogo kama amechoka. Mzee Shabani alikuwa mbele yangu.

Kiboko akiwa ziwani anaonekana kama jiwe lenye masikio. Akiwa nchi kavu, hatua chache kutoka kwako, anaonekana kama basi. Tulipanda juu ya paa la kibanda cha pampu bila ngazi, na sijui tulipandaje, maana baadaye tulijaribu kupanda tena kwa utulivu tukashindwa. Kiboko alikula majani kuzunguka mtaro wetu, akanusa kiungio chetu kipya, akakojoa hapo hapo, akarudi ziwani bila haraka. Mzee Shabani akasema, "Amekagua. Amepitisha." Kile kiungio hakikuvuja tena.

Mzee Shabani alistaafu, na miaka michache baadaye tukamzika. Mimi nikaendelea. Mji ulikua, Maisaka ikajaa nyumba, Singe ikajaa nyumba, na sisi tukawa tunakimbiza bomba nyuma ya nyumba kama mama anayekimbiza mtoto na uji. Miaka hiyo mnaijua, mlikuwepo. Acha niruke hadi siku Rehema alipoingia ofisini.

Rehema ni mchongaji. Amezaliwa hapa hapa Babati, akasomea sanaa mbali, akarudi na kichwa kilichonyolewa na ovaroli yenye rangi kama kitenge. Halmashauri ilikuwa imekubali wazo lake: kujenga sehemu za kunywea maji mjini, za bure, za wapita njia, na kila moja iwe kazi ya msanii, ili watu waone kwamba maji ni jambo la kusherehekea. Kwenye karatasi ziliitwa chemchemi za sanaa. Sokoni watu walishaziita vinyago vya maji kabla hata ya cha kwanza kujengwa.

Mhandisi wetu, Injinia Baraka, mnayemjua kwa upole wake na kwa kalamu anazozipoteza, alinikabidhi Rehema kama mtu anavyokabidhi kuku aliyefungwa miguu. "Mama Safari, huyu ni msanii. Wewe umletee maji."

"Shikamoo mama," Rehema akasema.

"Marahaba mwanangu. Unataka kujenga nini?"

"Ua la alizeti la chuma, pale sokoni. Refu kuliko mimi. Maji yatoke katikati ya ua."

Nikamwambia ukweli wangu wote. Kwamba kuna watu Singe wanaamka kukinga maji ya zamu. Kwamba watu wanataka bomba uani kwao, hawataki ua la chuma. Nikasema kwa sauti ya mtu aliyekaa kwenye tope miaka mingi, na nikajisikia vizuri sana.

Rehema akanisikiliza mpaka mwisho. "Mama, kwani mabomba ya uani yatasimama kwa sababu ya ua?"

"Hayatasimama."

"Basi mkulima anayetoka Sigino na gunia la mbaazi, akifika sokoni amechoka, anakunywa wapi?"

Kweli, anakunywa wapi? Ananunua maji ya chupa, au anavumilia. Miaka yote ile nilikuwa nawaza ndoo. Mtu mwenye kiu aliyesimama mikono mitupu sikuwahi kumuwaza.

Tukalijenga ua la alizeti. Fundi wa kuchomelea wa pale karibu na stendi alikunja petali moja moja, na sisi tukapitisha bomba ndani ya shina. Mara ya kwanza tulipofungua, ua lilikuwa limeinama zaidi ya tulivyopima, na maji yakamwangukia kichwani muuza ndizi. Akasimama, akajipangusa uso, akasema, "Jamani, hata kuoga sikuwa nimeoga," akarudi chini ya ua kwa hiari yake. Soko zima likaangua kicheko, nami nikacheka mpaka nikaegemea ukuta.

Tulilinyanyua ua, tukaweka koki ya kawaida, na ndani ya wiki mtu akaiiba. Tukaweka nyingine, ikaachwa wazi hadi njia ikawa kijito. Hapo mimi nilishakata tamaa, ila Rehema akaja na pedali ya cherehani cha mama yake. Unakanyaga, maji yanatoka; unaachia, yanakata. Mikono haigusi kitu, kwa hiyo hakuna wa kuiba wala wa kuchafua. Nilishinda karakana na hiyo pedali siku nzima, nikatafuta springi, nikakata, nikalainisha, na ilipofanya kazi mara ya kwanza tulishikana mikono tukaruka ruka kama wasichana wa shule, mimi na magoti yangu haya.

Kilichonishangaza hasa kilikuja baadaye. Bombani nilizoea foleni na ugomvi: nani kaweka ndoo mbele ya nani, nani kamtukania nani mama. Kwenye alizeti watu walikunywa, wakapangusa mdomo, wakabaki wamesimama wanaongea. Mtu wa dukani na mtu aliyeshuka na ng'ombe wa mnada wakaanza kuulizana habari za mvua. Nikaanza kupita pale kila mchana hata kama sina kazi pale. Nikiulizwa, nilisema nakagua.

Kisha ikaja zamu ya Maisaka, na Rehema akasema anataka kiboko.

"Mwanangu," nikamwambia, "umewahi kukutana naye?"

"Nimemwona kwa mtumbwi, kwa mbali."

Nikamsimulia habari za paa la kibanda cha pampu. Akacheka hadi akakaa chini. Halafu akanibana kwa maswali: masikio yalikuwaje, shingo ilikunjwa vipi, alipohema pua zilifunguka kiasi gani. Nikagundua nayakumbuka yote. Mtu ukitishwa vile unapigwa picha kichwani. Akawa anachora, mimi nasema, "Hapana, mashavu zaidi," na yeye anaongeza mashavu.

Kiboko wetu alijengwa kwa nondo na saruji kwenye kiwanja kidogo njiapanda, kinywa wazi, na maji yalipaswa kuruka taratibu kutoka kwenye ulimi wake, mtu ainame anywe. Meno yakabaki. Rehema akapita nyumba kwa nyumba kuomba vyombo vyeupe vilivyovunjika, apange vipande viwe meno. Hamjawahi kuona. Maisaka nzima ilileta. Mwenye duka la jumla, Bwana Salimu, alileta vikombe vya kahawa vya marehemu baba yake. Mama mmoja alileta sahani nzima, na Rehema alipomwambia hii haijavunjika, akaidondosha chini hapo hapo. "Haya, imevunjika."

Naye Bibi Hawa, anayeishi nyumba ya tatu kutoka kwenye kile kiwanja, mzee ambaye hajawahi kuwa na bomba uani mpaka juzi juzi, alileta kipande kimoja tu kimefungwa kwenye kitambaa. Kilikuwa cha bakuli la harusi yake. Alisimama pale mpaka Rehema alipokibandika, jino la mbele upande wa kulia, na kila aliyepita siku ile aliambiwa lile ni jino la nani.

Lakini si kila mtu alikuwa anacheka. Kulikuwa na manung'uniko. Wengine ofisini na mitaani walisema huu ni mchezo, mji haujamaliza shida ya maji na tunafinyanga wanyama. Ikapangwa mgeni rasmi aje kuzindua kiboko, na ilijulikana kwamba akiondoka hajaridhika, chemchemi zilizopangwa kufuata, ya Sigino na ya Singe, hazitajengwa. Injinia Baraka aliniambia hivyo huku anatafuta kalamu iliyokuwa sikioni mwake.

Siku ikafika. Kwaya ya kanisani imevaa sare, ngoma ya Wagorowa imeshajipanga, turubai limefungwa, viti vimepangwa kwa vyeo, na kiboko amefunikwa kitambaa cha bluu. Asubuhi nikakanyaga pedali kumjaribu. Hakutoka hata tone.

Nilikimbia barabarani kufuata njia ya bomba. Sikwenda mbali. Juu kidogo, greda lililokuwa linasawazisha barabara lilikuwa limekwangua bomba letu na kulichana kama ganda la muwa. Dereva alikuwa amesimama pembeni amejishika kichwa, na maji yanakimbilia mtaroni yakicheka.

Injinia Baraka akafika anahema. "Mama Safari, mgeni yuko njiani. Tufanyeje?"

Niliijua njia moja ya haraka, na yeye aliijua. Kuna koki ya kugeuza maji yanayokwenda zahanati. Tukiifunga kule na kuifungulia huku, kiboko angepata maji mara moja, na zahanati ingekauka mpaka jioni.

Tulitazamana.

"Leo ni siku ya kliniki," nikasema. "Na kuna wanaojifungua."

Jasho lilikuwa linamtoka mpaka kwenye tai. Yule ni kijana mwenye bosi juu yake, na bosi wa bosi alikuwa kwenye gari njiani. Halafu akavua koti, akalitundika kwenye greda. "Kiboko wa saruji hana mimba. Tuchimbe. Nitamweleza mgeni mwenyewe."

Nimefanya kazi na mainjinia wengi, na ninataka mjue kwamba siku ile nilimpenda yule kijana kama mwanangu.

Tukaanza kuchimba. Mgeni rasmi akafika, mama mmoja mrefu mwenye kilemba kikubwa cha kitenge, na Injinia Baraka akaenda mbele yake na suruali imejaa tope mpaka magotini. Sisi kwenye mtaro tuliacha kuchimba ili tusikie.

"Mheshimiwa, bomba limekatika asubuhi hii. Ningeweza kuyaleta hapa maji ya zahanati. Sikuyaleta. Naomba utusubiri."

Mgeni akamtazama. "Zahanati ina maji sasa hivi?"

"Inayo."

"Basi nitasubiri. Liko wapi hilo bomba?"

Akaja. Wapambe wakaja nyuma yake na mwavuli. Wageni waliokaa kwa vyeo wakaona cheo kikubwa kimeondoka, nao wakaja. Kwaya ikaja. Ngoma ikaja. Mzee Gwandu, mfugaji wa Kibarbaig aliyekuja kuangalia kitu gani tutawajengea kule Sigino, alikuja na fimbo yake, akasimama juu ya kichuguu cha udongo, akaanza kutuamrisha kama anayepanga ng'ombe birikani: "Wewe toka hapo, unamzuia mwenzako! Wewe mwenye jembe, njoo huku!" Na tulimtii. Kusema kweli alipanga vizuri kuliko mimi.

Kwaya ikaimba, na jembe likashuka na wimbo. Wapiga ngoma wakashindwa kuvumilia wimbo wa watu wengine, wakaanza wao, ikawa fujo tamu, wanakwaya wanafuata mdundo wa ngoma na wacheza ngoma wanaitikia haleluya. Bwana Salimu alileta chai na kashata mtaroni. Dereva wa greda aliyekuwa amejishika kichwa alishuka mwenyewe, akachimba kuliko wote. Nilikuwa chini kabisa, nimelala ubavu kwenye tope, nakata ncha za bomba ziwe sawa, na nikitazama juu naona duara la nyuso za watu na mbingu. Nilifurahi mpaka kiungio kikaniponyoka mara mbili.

"Fundi, vipi?" mgeni rasmi akauliza kutoka juu.

"Vizuri sana, mheshimiwa. Nacheka tu."

Tukaunga. Tukafungua koki polepole sana, na kule chini tukayaacha maji yamwagike kwenye njia ya kusafishia mpaka tope likaisha na maji yakawa meupe kabisa. Hili nalo mlishike: bomba likishakatika, usiruhusu mtu anywe kabla hujaliosha, hata awe nani na amekuja na gari gani.

Msafara wote ukarudi kwa kiboko ukicheza. Kitambaa kikavutwa. Watu wakapiga vigelegele, maana alikuwa mzuri jamani, mashavu yale, na meno yanang'aa juani. Mshereheshaji akasoma maneno yake, akamwomba mgeni asogee, na yeye mwenyewe akaweka mguu kwenye pedali, akakanyaga.

Hayakutoka maji.

Nikajua ni hewa. Bomba lilikuwa bado na hewa kwenye kile kipande cha mwisho, na sikuwa nimepata nafasi ya kuitoa. Nikaanza kupenya watu nikisema, "Subiri, usikanyage, subiri kidogo," lakini ngoma zilikuwa zinapigwa. Mshereheshaji alibaki amekanyaga. Mgeni rasmi akainama, akachungulia ndani ya kinywa, akasema, "Mbona hana kitu?"

Kiboko akanguruma tumboni. Kisha akakohoa.

Alikohoa mara moja kwa upepo mtupu, kilemba kikasogea. Akakohoa mara ya pili kwa maji, yote, usoni mwa mgeni rasmi, kifuani, kwenye kilemba, na kwa mpambe aliyekuwa ameshika mwavuli ambao haukusaidia kitu. Mshereheshaji kwa hofu akazidi kukanyaga.

Ngoma ikakatika. Injinia Baraka alifumba macho. Mimi nilisimama nimeshika kichwa, nikiona Sigino inaondoka, Singe inaondoka. Rehema alikuwa upande wa pili na viganja vyake viko mdomoni.

Mgeni rasmi akajifuta macho. Maji yalikuwa yanadondoka kwenye kidevu chake. Akailamba midomo yake, akatafakari.

"Ni matamu," akasema. Halafu akaangua kicheko kikubwa, cha tumboni, kicheko cha mtu aliyekuwa anakitunza muda mrefu. "Huyu kiboko ni kiboko kweli!"

Hapo ndipo watu walipolipuka. Sijui niwaeleze vipi. Watu wazima walikuwa wanashikana mabega wasianguke. Mzee Gwandu alikuwa anapiga fimbo yake chini huku machozi yanamtoka.

Wasaidizi wakaanza kujadiliana nani anywe rasmi kwanza, maana ratiba ilikuwa imeharibika: je, mheshimiwa ahesabiwe ameshakunywa, au arudie? Walikuwa bado wanajadiliana wakati Bibi Hawa alipopita katikati yao na kanga yake kichwani.

"Bibi, subiri itifaki," kijana mmoja akamwambia.

"Nimekuja kunywa kwenye jino langu," akasema. Akakanyaga pedali, akainama, maji yakainuka taratibu kama yalivyopaswa, akanywa mpaka akatosheka. Kisha akaligusa lile jino la mbele kwa kidole, akageuka akamwambia mgeni rasmi, "Karibu, mwanangu. Sasa ameacha kukohoa."

Mgeni akanywa wa pili.

Sigino ilijengwa. Ni ng'ombe na ndama wake, watu wanakunywa juu, na maji yanayomwagika yanateremka kwenye birika la mifugo. Mzee Gwandu alikuja kila siku kukagua pembe, na mara mbili Rehema alizivunja akazirudia kwa sababu mzee alisema pembe zile ni za ng'ombe mwenye tabia mbaya. Siku ya kufungua alimpa jina yule ng'ombe wa saruji, jina la Kibarbaig ambalo siwezi kulitamka sawasawa, na akamwombea asikauke.

Singe nayo ilijengwa, na ilikuja pamoja na bomba kubwa jipya, ili mtu asiseme tumewaletea urembo tukawanyima ndoo. Ilikuwa kazi yangu ya mwisho. Nilikaza kiungio cha mwisho, nikawapa ninyi spana, mkanipigia makofi, nikalia kidogo, mkanipa keki.

Wiki iliyofuata nilikwenda sokoni kama mtu wa kawaida. Nilikuwa nimevaa gauni, nimebeba kikapu, na hakuna aliyenipigia simu kuniambia mahali panavuja. Jua lilikuwa kali. Nikasimama mbele ya alizeti nikilitazama kwa raha zangu, labda nilikaa muda mrefu kidogo, maana kijana mmoja wa bodaboda alishuka kwenye pikipiki yake akanisogelea.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba."

"Mama ni mgeni hapa mjini, eeh? Usiogope. Angalia." Akanishika kiwiko kwa adabu, akanielekeza kwenye pedali. "Weka mguu hapo. Kanyaga taratibu, usikanyage kwa nguvu. Halafu inama. Hamna kulipa wala nini."

"Na maji yanatokaje?" nikamuuliza.

Akacheka, kwa upole, kama mtu anayemwonea huruma mama wa shamba.

"Yanatoka yenyewe tu, mama."

Nikakanyaga, nikainama, nikashikwa na kicheko katikati ya funda. Maji yakanipalia mpaka puani, na yule kijana akawa ananipigapiga mgongoni akiniambia, pole mama, pole, utazoea.